Mchezo na Watazamaji Wake: Habari za Vitabu vya Michezo ya Kuigiza, na Nchi ya Kyela

Katika lugha ya Kiswahili kitenzi ni kimoja: mtu hucheza ngoma, na mtu hucheza mchezo. Mithali yasema, "Mcheza kwao hutuzwa," wala hapana aulizaye kama ni mchezo wa kuruka uwanjani au wa kusema maneno mbele ya watu. Wanyakyusa wa Kyela, wakaao katika bonde lililo kaskazini ya Ziwa Nyasa, nao wana kitenzi chao, ukukina, na kwa neno hilo huitaja michezo ya kawaida na hata ngoma ya maziko, iliyochezwa na wanaume wenye mikuki. Lugha hizi mbili zina tofauti nyingi, lakini katika jambo hili zimeona sawasawa: kucheza ni kutenda jambo mbele ya macho ya wenzako, nao wakatambua nini kinachotendwa.

Twaanza na neno hili kwa sababu wengi wetu, waalimu na wachungaji, tumezoea kufikiri kwamba mchezo wa kuigiza ulikuja pamoja na kitabu na darasa. Tukitaka kuwafanyia watoto mchezo wa Krismasi, au kuandika habari ya kuchezwa siku ya kufunga shule, twatafuta kitabu kitufundishe namna ya kugawa maonyesho na namna ya kuwapa wachezaji maneno yao. Kufanya hivyo si vibaya. Lakini yafaa tujue vitabu hivyo vimetoka wapi, na ni swali gani lililowasumbua walioviandika. Katika makala haya tutaeleza habari za vichache, vya jukwaa na vya sinema, na tutaona kwamba vilivyo bora kati yao huanza kwa swali moja: watazamaji wa mchezo huu wanajua nini, na wanaamini nini? Tena tutaona kwamba swali hilo lilipata kuulizwa hapa hapa Unyakyusa, na mtu aliyelelewa katika nyumba ya mjuzi wa michezo.

Mwaka 1935 kilitoka Cambridge, Uingereza, kitabu cha John Dover Wilson kiitwacho "What Happens in Hamlet", yaani habari za mambo yatukiayo katika mchezo wa Hamlet. Mchezo huo wa Shakespeare, ulioandikwa yapata mwaka 1600, wasimulia habari za mwana wa mfalme wa Denmark. Babaye amekufa, amiye, ndugu wa marehemu, amekalia kiti cha enzi na kumwoa mjane kabla matanga hayajapoa. Usiku mzuka wa mfalme wamtokea kijana, wamwambia kwamba aliuawa na ndugu yake kwa sumu, na kumtaka alipe kisasi. Kijana ajifanya mwenda wazimu. Kisha awaamuru wachezaji waliofika pale wacheze mbele ya mfalme mchezo wenye habari kama ile ya mauaji, naye amtazame mfalme usoni aone kama atashtuka.

Watu wengi walikuwa wamekwisha kuandika juu ya mchezo huo, na wengi walitafuta siri yake ndani ya moyo wa Hamlet. Dover Wilson alifuata njia nyingine. Aliuliza: wale waliosimama katika uwanja wa michezo wa London siku za Shakespeare walifikiri nini walipouona mzuka? Akaonyesha kwamba hawakuwa na wazo moja. Wengine walishika mafundisho ya kale, kwamba roho ya mfu yaweza kurudi kutoka toharani. Wengine, waliofuata matengenezo ya Kanisa, walisema mfu harudi, na kile kinachotokea huenda ni shetani aliyejivika sura ya mpendwa ili ampoteze mtu. Tena walikuwako waliokuwa na mashaka na habari zote za namna hiyo. Basi Hamlet akisitasita, si kwa udhaifu tu. Anauliza swali ambalo watazamaji wenyewe walikuwa wakiulizana majumbani mwao: je, huyu ni baba, au ni mdanganyifu?

Hali kadhalika habari ya ndoa. Msomaji wa leo aweza kuona ni haraka tu ya mjane asiye na soni. Lakini watazamaji wale walijua kwamba sheria ya Kanisa ilikataza mtu kumwoa mke wa ndugu yake. Mfalme wao Henry wa Nane alikuwa amemwoa mjane wa nduguye mwaka 1509, na mwaka 1533 ndoa ile ilitanguliwa, na kutoka jambo hilo Uingereza ikajitenga na Roma. Hawakuhitaji kuelezwa kwa nini Hamlet anatetemeka. Mwandishi alitia neno moja tu, na maarifa ya watazamaji yakajaza lililosalia. Hilo ndilo fundisho la kwanza kwa kila atakaye kuandika kwa ajili ya jukwaa: nusu ya mchezo imo katika karatasi, na nusu imo vichwani mwa wale waliokuja kutazama.

Sasa msomaji ataka kujua Kyela imeingiaje hapa. Imeingia kwa njia ya mwana. Dover Wilson alikuwa na mwana aitwaye Godfrey, aliyezaliwa mwaka 1908 na kufariki mwaka 1944. Mwaka 1934 Godfrey Wilson alifika Unyakyusa kuchunguza desturi za watu, na mwaka uliofuata, ule ule ambao kitabu cha baba yake kilitoka, alimwoa Monica Hunter, binti wa wamisionari wa Lovedale katika Afrika Kusini, naye akajiunga na kazi hiyo. Walikaa katika nchi ile mpaka mwaka 1938, wakitembea kutoka milima ya Rungwe hata bondeni kwenye ziwa. Kazi yao hawakuifanya peke yao. Leonard Mwaisumo, karani wa Kinyakyusa, aliwafasiria na kuwaandikia mengi, na habari zake zimeelezwa katika kitabu juu ya Monica Wilson na wafasiri wake kilichotolewa mwaka 2013. Pasipo watu kama yeye daftari zile zingalikuwa tupu.

Mwaka 1939 Godfrey Wilson alichapisha makala juu ya desturi za maziko za Wanyakyusa. Aliandika kama mtu aliyezoea kutazama mchezo: nani aingia kwanza, nani asimama wapi, ni wakati gani sauti yabadilika. Wanawake walikusanyika ndani na karibu na nyumba ya msiba wakilia. Nje ngoma zilipigwa, na wanaume wakacheza na mikuki yao, wakirukaruka na kukimbiliana kama walio vitani. Mgeni angaliweza kusema kwamba watu hawa hawana huzuni. Wazee walieleza kinyume chake, kwamba kucheza huko ndiko kuomboleza kwenyewe. Huzuni na hofu ya mauti humwasha mtu moyo kama vita, naye huicheza ile vita mpaka itulie. Saa zilivyopita kilio kilipungua, maneno na hata vicheko vikarudi, na walio hai wakaanza tena kuishi.

Monica Wilson aliendelea na kazi hiyo baada ya kufiwa na mumewe, akatoa kitabu juu ya vijiji vya marika mwaka 1951, na vingine juu ya ibada za ukoo na za nchi mwaka 1957 na 1959. Humo alieleza kwamba katika ibada ya matanga waliofiwa walipitishwa katika mfano wa wazimu, ili wasije wakapatwa na wazimu wa kweli. Tena alieleza ubusoka, yaani kule kutoka, ibada iliyofanywa mara moja katika kila kizazi. Hapo malafyale, yaani mtawala, aliwaachia wanawe nchi. Mioto yote ya zamani ilizimwa, moto mpya ukapekechwa na kugawanywa nyumba kwa nyumba. Vijana waliokuwa wamewekwa faraghani walitoka kwa kelele za vita, wakateka ng'ombe kana kwamba ni wa adui. Watawala wapya walionyeshwa mbele ya watu, miti ikapandwa kwa ajili yao, na wazee wakasogea kando ili vijana wapate mashamba. Kuhusu malafyale mzee, watu walitazamia kwamba hatakaa sana baada ya siku hiyo.

Msomaji aliyesoma habari za Hamlet aone hapa jambo la kufikiri. Baba na mwana, mmoja mezani pake Uingereza na mwingine kwenye vumbi la uwanja wa Unyakyusa, walikuwa wakiandika juu ya mambo yale yale: kifo cha mkubwa, maziko yanavyopasa kuwa, mjane aende kwa nani, ufalme uingie mkono gani, na wazimu wa aliyefiwa. Lakini watazamaji wao hawakuwa wamoja. Kwa desturi ya zamani ya Wanyakyusa, mali ya mtu ilimwendea kwanza ndugu yake wa tumbo moja kabla ya kuwaendea wanawe, na wajane walirithiwa. Mzee wa Kyela wa siku zile, akiutazama mchezo wa Hamlet, asingaliona aibu katika ndoa ile. Pengine angaliuliza kwa nini kijana anakasirika kabla hajasikia habari ya sumu. Si kubahatisha tu. Laura Bohannan, aliyekaa kwa Wativ wa Nigeria, alieleza katika makala ya mwaka 1966 jinsi alivyowasimulia wazee hadithi hiyo, nao wakamwambia kwamba yule ndugu alifanya vema kumtunza mjane, wakamrekebisha msimulizi mahali pengi.

Kwetu sisi wa misioni jambo hili si la mbali. Kanisa lililofika Unyakyusa mwaka 1891, la Wamoravia na la Misioni ya Berlin, lilikataa kurithi wajane, kama Kanisa la Uingereza lilivyokataza ndoa ya mke wa ndugu. Hivyo Mkristo wa Kyela alijikuta amesimama mahali pale pale waliposimama watazamaji wa London: sheria mbili mbele yake, ya wazee na ya Kanisa, na moyo wake katikati. Hapo ndipo mchezo mkubwa huzaliwa. Tusishangae, basi, kama kijana wa Kyela aweza kumwelewa Hamlet kuliko anavyomwelewa mwanafunzi wa miji mikubwa ya Ulaya ya leo.

Tuje kwenye sinema. Mwaka ule ule wa 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, lilianza jaribio la kutengeneza picha za sinema kwa ajili ya Waafrika. Lilisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misioni kwa fedha zilizotolewa na shirika la Carnegie la New York, na wakuu wake walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hata lilipokwisha mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa picha 35. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yalitiwa mbali katika sahani za santuri, hata picha moja ikaweza kusemeshwa kwa lugha hii au ile kadiri ya nchi. Zilikuwamo habari za safura, za kodi, za benki ya posta, na ngano ya sungura na chui. Mojawapo, iitwayo Gumu, yahusu kijana wa shamba aliyekwenda mjini akaangukia rafiki wabaya. Mwaka 1937 Notcutt na Latham waliandika kitabu, "The African and the Cinema", kilichotolewa London kwa niaba ya Baraza hilo. Ni kitabu cha mapema sana juu ya kutunga na kutengeneza sinema katika Afrika ya Mashariki, nacho ni cha misioni.

Haifai kuwadharau watu wale. Waliona mapema kwamba sinema itafika vijijini, nao walitaka ifike na habari za watu wa nchi, si za Marekani tu. Tena waliandika jinsi picha zilivyopokewa zilipoonyeshwa. Lakini tukiuweka mradi wao karibu na kazi ya Godfrey Wilson twaona pengo. Habari nyingi zilitungwa na wageni, na somo lilikwisha kukatwa kabla ya kamera kufunguliwa. Wakuu wa sinema za serikali waliofuata, wa idara ya sinema ya makoloni iliyoanzishwa London mwaka 1939, waliishika kanuni kwamba picha za watu wa shamba ziende polepole, zisiruke kutoka mahali hata mahali, zisiwe na hila. Waliuliza, "Watazamaji hawa hawawezi kuelewa nini?" Hawakuuliza, "Watazamaji hawa wanajua nini tusichokijua sisi?" Watu waliokwisha kuuona ubusoka, ambamo moto mmoja ulikuwa na maana ya kizazi kizima na ng'ombe wa baba walitekwa kama ng'ombe wa adui, hawakuwa wanafunzi wapya katika kusoma mifano.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia watu wa nchi walianza kusimama wenyewe mbele ya kamera na kushika kalamu. Mwaka 1952 ilitengenezwa Tanganyika picha ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, na mmoja wa wachezaji wake alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Katika shule ya Alliance ya Kenya, iliyoanzishwa na misioni mwaka 1926, Henry Kuria alitunga mchezo wa "Nakupenda, Lakini...", nao ukapigwa chapa mwaka 1957. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, akaitengeneza upya mwaka 1969, na mwaka huo akatoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi naye alitafsiri Makbeth na Tufani. Mwaka 1967 idara ya sanaa za maonyesho ilianzishwa katika Chuo cha Dar es Salaam. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, mchezo wa habari za Maji Maji, naye alionya kwamba mtu yule wa jukwaani si nakala ya mtu wa historia.

Ndipo vikaja vitabu juu ya michezo vilivyoandikwa na wenyeji. Hussein alimaliza katika Chuo cha Humboldt mjini Berlin uchunguzi wake juu ya kukua kwa michezo ya jukwaani katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1976 Ndyanao Balisidya na Penina Muhando walitoa Dar es Salaam "Fasihi na Sanaa za Maonyesho", na waalimu wengi wamejifunza kwa kitabu hicho. Humo yasemwa kwamba onyesho huwa na mambo manne: wazo linalotendwa, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Msomaji atazame vema. Karatasi haimo katika hesabu. Jukwaa la mbao halimo, wala pazia.

Fundisho hilo lilikuwa na adui wa kujibiwa. Wataalamu wa Ulaya, mathalan Ruth Finnegan katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, walikuwa wamesema kwamba michezo ya kuigiza haikuenea wala kukua sana katika Afrika kama ilivyokua Ulaya na Asia. Mwenye kupima kwa kipimo cha maneno yaliyogawanywa kwa wachezaji aweza kusema hivyo. Lakini tukipima ubusoka kwa yale mambo manne, wazo lipo, nalo ni kupokezana nchi, watendaji wapo, kila mmoja na sehemu yake, uwanja upo, na watazamaji ni nchi nzima, ambao usiku ule wataota moto mpya majumbani mwao. Kwa upande wetu twaona kwamba ibada si mchezo mtupu, kwa kuwa waliofanya ubusoka hawakuigiza kupokea utawala, waliupokea kweli. Hata hivyo mtunzi wa michezo atakayeipita habari hiyo bila kujifunza atakuwa amepita karibu na kisima na kiu yake.

Wako waliojifunza. Hussein mwenyewe, katika Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini, vilivyotoka mwaka 1976, aliacha njia ya mazungumzo ya watu wengi akashika njia ya msimulizi wa ngano. Na Muhando, kwa jina la Penina Mlama, alitoa mwaka 1991 kitabu juu ya michezo ya vijijini, ambamo alieleza kazi iliyofanywa pamoja na wenzake huko Malya, katika mkoa wa Mwanza, tangu mwaka 1982. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakawasikia wakitaja taabu zao wenyewe, kisha watu wakaitunga habari kwa ngoma za kwao za Kisukuma na kuicheza, na baada ya kucheza wakajadiliana. Watazamaji wakawa ndio watunzi. Kati ya kambi ya Vugiri na kijiji cha Malya ni muda wa miaka hamsini kasoro, na ndani ya muda huo swali liligeuka: kutoka "tuwafundishe nini?" kuwa "wanataka kusema nini?"

Katika picha za siku hizi, zitengenezwazo Dar es Salaam na kuuzwa mpaka Kyela mjini, mambo yamerudi upande mwingine. Picha nyingi zimepigwa bila mswada uliotimia. Mwongozaji hutoa mpango wa habari, na wachezaji hujitafutia maneno. Wakosoaji husema ni uvivu, na mara nyingi wana haki, kwa kuwa sinema haina huruma ya jukwaa: jukwaani neno laweza kuubeba mchezo, bali katika sinema jicho hutangulia, na habari isiyopangwa hujulikana mara moja. Lakini tusisahau kwamba kujua mpango na kujitafutia maneno ndiyo njia ya uwanja wa zamani. Kilichopungua si desturi hiyo. Zamani watendaji na watazamaji walikuwa wameujua mpango tangu utoto, hata aliyekosea alirekebishwa papo hapo. Leo mpango waujua mwongozaji peke yake. Kwa hiyo kitabu cha kufundisha kuandika sinema kina kazi kubwa kwetu: kuleta utaratibu pasipo kuua ule wepesi wa ulimi.

Hapa mchungaji aweza kutuuliza kwa haki: Je, mwataka turudishe ngoma za maziko na ibada za mizimu kwa jina la sanaa? Twajibu kwamba sivyo. Waliotutangulia waliwakataza Wakristo wasicheze ngoma ya maziko kwa sababu waliona imefungamana na imani katika wafu, na kwa hilo hawakukosea: ilifungamana. Lakini kukataza ibada ni jambo moja, na kusahau ni jingine. Kanisa lenyewe lilipata kuwa mlezi wa michezo. Katika karne ya 10 watawa wa Uingereza waliigiza asubuhi ya Pasaka habari ya wanawake waliokwenda kaburini, na kutoka mbegu hiyo na nyingine za namna yake ilimea michezo ya Ulaya iliyomfikia Shakespeare. Mwenye asili hiyo hapaswi kuogopa uwanja. Tena familia ikifiwa leo huko Ipinda au Matema, huzuni na hofu zile bado zinawaka kama vita moyoni, na mwimbishaji wa kwaya ajua vema kwamba watu hawaji matangani kusikiliza tu. Wanataka kutenda.

Hatari iliyo mbele yetu ni nyingine, nayo ina haraka. Maandishi makubwa ya michezo ya kale ya Unyakyusa yamo katika Kiingereza, katika vitabu vilivyotungwa na wageni wawili wenye macho mema, wakisaidiwa na wenyeji ambao majina yao yalitajwa kwa uchache. Mtoto aliyezaliwa mwaka waliofika amekwisha kupita miaka tisini. Kila mwaka wanapungua walioona, au waliosimuliwa na walioona, na pamoja nao yapungua maarifa ya watazamaji, ile nusu ya mchezo isiyoandikwa. Majina ya ngoma yatabaki na mapigo yake huenda yakabaki katika mashindano ya vijana. Bali anayejua kwa nini watu walinyamaza hapa na kucheka pale akifa, basi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo twawashauri waalimu wa Kyela, na wa kila mahali, wachukue yale mambo manne wayafanye maswali manne. Wamwendee mzee kwa heshima na kwa ruhusa yake, wamwulize: ni jambo gani lililotendwa? Nani alitenda, na nani hakuruhusiwa? Lilitendwa wapi, na kwa nini pale? Na waliotazama walijua nini hata wakalia, au wakacheka, au wakaogopa? Swali la nne lisiachwe, maana wengi huliacha. Majibu yaandikwe kwanza kwa Kinyakyusa kama yalivyosemwa, kisha kwa Kiswahili, na jina la msemaji litiwe kama mwenyewe apenda. Ndipo mwalimu aandike mchezo wake wa kufunga shule, akitaka, akijua ni nini alichokitwaa na ni nini alichokiongeza.

Dover Wilson alihitaji miaka mingi na vyumba vya vitabu ili ajue watu wa London walifikiri nini walipoutazama mchezo mmoja, kwa sababu wote walikuwa wamekufa yapata miaka mia tatu kabla yake. Sisi kwa michezo ya Kyela bado tuna wachache wanaokaa barazani, na tukipita asubuhi huitika salamu.